Maandishi Madogo

Toyama, mwezi wa pili. Theluji imepanda hadi dirishani,
na juu ya meza yangu kuna rula ya chuma, lenzi,
na makopo kumi na moja ya kampuni moja.

Kazi yangu ni vitenzi.
Nomino sizigusi. Manjano, chaza, gegedu la papa,
hizo zimo koponi au hazimo, maabara itasema.
Mimi nawinda kinachofuata.
"Huponya" nakikata bila kuuliza.
"Hutibu" hali kadhalika.
"Husaidia" nakiweka kando, nakitazama kama mgeni
aliyevua viatu mlangoni lakini hajasema amekuja kwa nani.

"Hurudisha ujana magotini":
hiki kiliniletea faili zima, na wakili kutoka Osaka
aliyeniuliza, kwa adabu, iwapo uzee ni ugonjwa.
Kama si ugonjwa, alisema, sisi hatujadai tiba.
Nilimpa chai. Nikaandika barua ya kurasa tisa.
Wakaondoa maneno, wakaweka picha:
bibi anapanda ngazi za hekalu, mbili mbili.

Picha haina kitenzi.

Chini ya bibi, kwa herufi za milimita moja na robo:
"Haya ni maoni ya mtumiaji mmoja."
Chini zaidi, kijivu juu ya kijivu:
"Bidhaa hii haijakaguliwa na serikali."
Serikali ni mimi, na Morikubo wa meza ya pili,
ambaye yuko likizo ya uzazi.

Babu yangu aliuza dawa kwa miguu.
Wa mji huu walikuwa wengi, kikapu cha tabaka tano mgongoni,
mkoa hadi mkoa.
Anakuachia sanduku limejaa, hadai kitu;
mwaka ujao anarudi, anahesabu vilivyopungua,
unalipia ulichokula tu.
Watoto aliwapa maputo ya karatasi.
Daftari lake ninalo. "Kwa Hirabuki: vidonge vya tumbo, vitatu.
Mama mkwe amefariki. Usiulize habari za ng'ombe."
Alichoahidi kwa mdomo, barazani, hakuna rula iliyokipima.
Labda alidanganya. Alikuwa na watoto saba.

Jumapili nilikwenda kwa mama.
Nyuma ya mtungi wa figili za chumvi, makopo yaleyale,
yen elfu tisa mia nane kwa mwezi, tangu mwaka juzi.
Nikatoa lenzi mfukoni, nikamsomea maandishi madogo
mstari kwa mstari, kwa ile sauti ninayowasomea wakosaji.
Alisikiliza mpaka mwisho.
"Najua," akasema. "Magoti ni yangu. Yanauma vilevile."

Basi kwa nini?

"Kila tarehe ishirini yule binti hupiga simu.
Anaitwa Nozomi, au ndivyo alivyoambiwa aitwe.
Huniuliza kama nimelala.
Huniuliza kama theluji imeondolewa mlangoni.
Wewe uliniuliza lini?"

Sheria ninayo kichwani, vifungu na vijifungu vyake.
Nilitafuta kitenzi cha kukata.
"Huuliza" hakimo kwenye orodha.

Nikatoka, nikachukua beleshi.
Nilichimba njia kutoka kizingitini hadi barabarani,
pana kuliko mama anavyohitaji,
naye alisimama dirishani akinionyesha kwa kidole
nilipoacha.

Jumatatu nilifungua faili upya. Kampuni ileile.
Nikaandika: Je, salamu za kila mwezi ni tangazo?
Na kama ni tangazo, tuzipime kwa nini?
Morikubo angejua. Niliacha ukurasa wazi hapo.

Tarehe ishirini ni Alhamisi.
Binti hupiga saa tatu kamili asubuhi.
Nimetega simu yangu inikumbushe
saa tatu kasoro dakika kumi.